Vifaranga wa Kavata

Kalekye hakuona darasa, lakini kuku aliwajua. Jogoo wake alikuwa kishingo, shingo tupu kama kichwa kilichonyolewa, wala Kalama nzima hapakuwa na jogoo mwingine kama yeye, maana vijogoo aliowazaa waliuzwa mjini kabla ya kuwika. Kwa miaka sita aliona jambo moja: jogoo yule akimpanda tetea yeyote, vifaranga wote walitoka shingo tupu, na kishada kidogo tu cha manyoya chini ya koo. Na wazazi wawili wenye shingo za manyoya hawakuwahi kumzaa kishingo. Hata mmoja.

Jogoo alipopotea, Kalekye alimsikia akiwika siku nne katika boma la Kavata, mke wa shemeji yake. Siku ya tano Kavata alipata wageni, na jogoo hakuwika tena.

Kalekye alimshtaki mbele ya chama cha akina mama, naye Kavata akaapa kwa Biblia: jogoo hakukanyaga kwake, na matetea wake hufungiwa ndani ya waya. Wakamwamini. Kalekye akanyang'anywa funguo za stoo ya sufuria za chama, alizozishika miaka tisa, akaamriwa aombe msamaha.

Alijua tetea wa Kavata ameanza kuatamia.

"Nitaomba," alisema. "Nyumbani kwake. Nipeni wiki tatu."

Kila asubuhi alitia punje ya mahindi kwenye kopo. Zilipofika ishirini na moja, siku za mayai kuanguliwa, alivaa leso mpya, akaenda.

Kavata alikuwa jikoni tangu alfajiri akiwapikia akina mama wa chama chapati, wala hakuwa amechungulia bandani. Akaketi, akakunja nne.

"Haya, Mama Mutanu. Tunakusikiliza, na usitafune maneno," alimwambia Kalekye.

"Kwanza nionyeshe vifaranga, Mama Muli. Nawasikia wakilia."

"Umekuja kuomba msamaha au kununua kuku?"

Nthambi, mwenyekiti, alikwisha kuingia bandani na kumwinua tetea, naye shingo yake ya manyoya. Vifaranga tisa. Sita walikuwa shingo tupu, kila mmoja na kishada chake. Pembeni alisimama jogoo wa Kavata, manyoya hadi masikioni, kama wale watatu waliobaki.

"Hawa baba yao nani?" Nthambi aliuliza.

"Mungu huumba apendavyo," Kavata alisema.

"Mungu aliumba, wewe ukachemsha," Kalekye alisema. "Ulimla, Mama Muli, lakini hukummaliza."

Akina mama waliinamisha macho kwenye vikombe. Nthambi alifungua mkoba, akamrudishia Kalekye funguo.

Kavata alimfuata hadi langoni, chozi likimtoka.

"Nisamehe."

"Msamaha nilikuja nao mimi," Kalekye alisema, akifunga funguo kwenye pindo la leso. "Narudi nao."