Baba Aliyekuwa Anasuka

Aliyeichana picha yangu mbele ya wageni ndiye aliyekuwa ndani ya picha hiyo.

Mume wangu.

Mimi ni mpiga picha. Mwaka jana niliandaa maonyesho ya wanaume wakifanya kazi zinazoitwa za wanawake. Mmoja anapiga pasi, mwingine anaogesha mtoto. Ya mume wangu niliichapa kubwa kuliko zote.

Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa anamsuka binti yetu. Vidole vimejaa makovu ya moto, lakini mistari yake inanyooka kuliko yangu, sidanganyi.

Nilimpiga picha akimsuka karibu na dirisha. Sikumuuliza. Nilijua atafurahi tu.

Nikaiweka mtandaoni kutangaza maonyesho, kumbe imeshazunguka kwenye simu za karakana yao nzima.

"Msusi! Nisuke na mimi basi!"

Kinara wa kelele alikuwa mwenzake mmoja, wanamwita Bonge. Mteja akiingia, Bonge anamwambia, "Saluni ni pale kwa yule."

Siku ya ufunguzi mume wangu akaja na nguo za kazi, akaing'oa picha ukutani, akaichana.

"Baba watoto, nilikuwa nakusifia!"

"Nani alikuomba? Mimi nilikuwa namsuka mwanangu. Wewe umenifanya kituko."

Kesho yake hakushika chanuo. Wala keshokutwa.

Binti akawa anakaa kwenye kigoda chake, anamngoja. Baba anapita kama hamwoni. Nikamsuka mimi, huku analia. Iliniuma, nisiwafiche.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, mlango ukagongwa.

Bonge! Kamshika mkono binti yake, nywele zimesimama kila upande.

"Shemeji, fundi yupo?"

Mume wangu akatoka, uso kaukunja. Bonge macho chini.

"Mama yake kalazwa, wiki ya pili sasa. Mtoto anachekwa shuleni. Nifundishe, ndugu yangu."

Mume wangu akashika kitasa cha mlango. Nilidhani atamfukuza. Kisha akamtazama mtoto.

"Mwanangu, lete kigoda," akamwambia binti yetu. "Mwenzako akimaliza kusukwa, zamu yako."

Machozi yakanitoka. Mkono ukaanza kutafuta kamera wenyewe, si mnajua mazoea.

"Na wewe," akasema bila kugeuka, "hiyo kitu iache ndani."

Nikaiacha. Nikawashikia chupa ya mafuta.

Mimi bado hajanisamehe sawasawa. Jamani, kabla hujampiga mtu picha, muulize. Hata kama mnalala kitanda kimoja.