Eda ya Wachezaji wa Hoki

Mwezi wa Juni jezi ya hoki ya barafuni haina soko. Mtu anakuja na jezi mpya, anataka jina la mchezaji lishonwe mgongoni, halafu anasitasita kaunta, kwa sababu mchezaji mwenyewe huenda ikifika tarehe mosi Julai akawa wa mji mwingine. Mwaka wa 1998 ulituzidi. Timu ya Washington ilifika fainali ikafungwa, na watu ambao hawakuwahi kutazama hoki maishani wakageuka washabiki wa damu. Kila mmoja alitaka jina, na hakuna aliyetaka kubahatisha.

Duka lilikuwa Bowie, mji mdogo karibu na Washington, la Phineas, Mmarekani mweusi aliyesomea Kiswahili chuo kikuu akakipenda kuliko sisi tuliokinyonya. Mimi, Safa wa Mombasa, nilikuwa nakata herufi. Johari wa Unguja ndiye aliyezishona, na hujaona mkono kama ule.

Kila Juni Phineas alitukalisha akatufanyia utabiri, ili tujue majina yapi tukate mapema na yapi tuyaache. Alieleza kwa Kiswahili chake cha darasani kwamba mikataba inayokwisha ni ya wachezaji wa namna mbili. Wakongwe wakimaliza mkataba hawana mwenyewe. Tarehe mosi Julai klabu yoyote ruhusa kuwapigia simu. Vijana nao mkataba umekwisha, lakini klabu ya zamani bado ina haki juu yao: kijana akiletewa ofa na wengine, klabu yake ikikubali kutoa kiasi kile kile, inambakisha, apende asipende.

Johari hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema hiyo ni eda tu. Wakongwe eda yao inakwisha tarehe mosi, waposwe na yeyote. Hao vijana wana talaka rejea.

Phineas alifurahi kama aliyeokota lulu, akataka aelezwe. Nikamweleza mimi: mume akitoa talaka moja, maadamu mke yumo edani anaweza kumrudisha kwa neno lake tu, bila posa wala mahari mapya. Eda ikishakwisha, mwanamke ni huru, na mume akimtaka tena itabidi aanze mwanzo kama mgeni. Nilikuwa nacheka nikieleza, kisha nikakatiza, maana nilikumbuka kwamba Johari mwenyewe yumo edani.

Mumewe, Zuhair, alirudi Unguja majira ya baridi kumuuguza mama yake. Alitaka Johari amfuate, Johari akaomba wangoje kidogo, na mwanzoni mwa Aprili wakagombana kwenye simu. Zuhair ana ulimi wa moto. Akatamka talaka moja, akakata simu.

Basi Johari akawa anangoja neno. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilimwona Johari akiwatii wote kwa pamoja. Alimtamani mumewe wazi, bila kuona haya. Alinambia kwamba baridi ilipokuwa kali Zuhair alikuwa akitoka kabla yake kumpashia gari moto, kisha akimwendesha mwenyewe safari ndefu ya kutoka Germantown, walikokaa, hadi dukani. Hadi sasa, alisema, asubuhi nyingine hujikuta amefungua mlango wa abiria na kusimama pale, akisubiri dereva. Simu ya dukani ikilia, sindano yake ilisimama. Kila ilipolia alikuwa ni mtu wa jezi.

Siku nyingine Phineas alitabiri habari za beki mmoja mkongwe. Alisema klabu inamtaka sana lakini itavuta mpaka siku ya mwisho ndipo izungumze naye. Johari akauliza kwa nini wasimwambie mapema, kama kweli wanamtaka.

"Kwa sababu wanajua yupo, Bi Johari," alisema Phineas.

Johari alishona herufi mbili kichwa chini siku ile. Nilizifumua bila kumwambia.

Katikati ya Juni alinivuta chooni akaninong'oneza kwamba eda yake imekwisha. Eda ya mwanamke anayepata siku zake haifuati kalenda. Ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, na mwenye kuzijua ni yeye peke yake, na neno lake ndilo linalokubaliwa. Alilia kidogo, akanawa uso, akarudi kwenye cherehani.

Zuhair alipiga siku za mwisho wa Juni, adhuhuri yetu, kwao jioni. Mikono ya Johari ilikuwa imejaa kazi, akabonyeza spika kwa kiwiko, na sauti ile ikatujazia duka. Alimsalimu vizuri. Akasema mama hajambo. Akasema hasira zimekwisha, na kabla miezi mitatu haijatimia anasema mbele ya Mungu, "Nimekurejea, Johari."

Phineas alisimama na mkasi mkononi. Mimi nilimfanyia Johari ishara kwa macho na kichwa na mikono yote miwili: nyamaza, kubali. Nani angejua? Mwanamke amengoja neno hilo tangu Aprili, na hili hapa limekuja.

Johari aliishusha jezi chini.

"Zuhair, eda ishakwisha," alisema.

"Haijesha. Nimehesabu mie. Miezi mitatu bado."

"Wewe umehesabu kalenda. Tohara zangu nazijua mie. Zimetimia, wiki mbili sasa."

Tulisikia watoto wakipiga kelele huko aliko. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, sasa yeye afanye nini.

"Umtume mtu kwa kaka yangu, uniposee."

"Johari. Miaka tisa, tuanze kama watu wasojuana?"

"Nakutaka, Zuhair. Siku yoyote ya zile ungesema neno, ningepanda ndege na nguo nilizovaa. Wewe ulikaa ukajua nipo." Aliiinamia simu. "Sasa siwezi kusema uongo nikarudi kwako kwa haramu. Niposee."

Zuhair akasema atafikiri.

"Fikiri," alisema Johari, akakata.

Phineas aliingia stoo, akafunga mlango polepole. Johari aliufunika uso wa simu kwa kiganja, kama anayeizuia isilie au isiondoke, sijui.

"Dada Safa," alisema, "na asipoleta posa?"

Nilitaka kumwambia ataleta. Nikamwambia asipoleta tutalia, na nikaanza mimi.