Mteremko wa Nyasi za Bibi

Ilianza Ijumaa, saa kumi jioni, baba aliporudi kutoka Bunda mjini bila sabuni niliyomwagiza. Nilikuwa likizo, kidato cha pili. Aliegemeza baiskeli ukutani akaniambia, "Kalete maksai. Kesho watu wa wanyamapori wanakuja kuangalia ardhi."

Kwetu kila mtu alijua maana yake. Barabara ilipopanuliwa, wenye mihogo walilipwa fidia, wenye nyasi tupu wakaambulia vumbi. Basi baba akashika plau, mimi nikaongoza maksai, tukaanza kugeuza mteremko ulio nyuma ya nyumba ya bibi, mama yake.

Mteremko ule ndio naukumbuka zaidi nikiwa hapa bwenini Musoma. Kila kiangazi tulikuwaga tunakata nyasi za kuezekea, bibi mbele na mundu, mimi nyuma nafunga. Miaka ya foleni za sukari tulibeba uji wa mtama usio na sukari, na bado naona ulikuwa mtamu. Pundamilia walipita kule chini kwenda kunywa ziwani, bibi akawasalimia kama majirani. Shuleni nikiulizwa jina nanong'ona. Pale nilikuwa naimba.

Bibi alitoka akasimama mbele ya maksai.

"Nyumba yangu utaiezeka na mihogo?"

"Mama, nikipata fidia nakuwekea bati."

"Bati! Mvua ikinyesha nilale ndani ya ngoma?" Akanigeukia. "Na wewe, mke mwenzangu, umeshika kamba!"

Nilivuta kamba, maksai wakampita pembeni. Hadi giza linaingia, sehemu kubwa ya mteremko ilikuwa udongo mtupu, na mimi nimemaliza kuchomeka pingili za mihogo.

Kesho yake wageni walifika na mwenyekiti wa kijiji. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye kofia. Alituambia ardhi inabaki yetu. Tutachunga, tutakata nyasi, ila hatutalima wala kujenga, wanyama wapate kupita. Kwa kuacha hivyo tutalipwa kila mwaka.

Baba alimpeleka mteremkoni, kifua mbele. "Na mihogo hii, mama, mtanihesabia vipi?"

Yule mama alichuchumaa, akavuta pingili moja. Ikatoka kavu, haina hata mzizi.

"Mzee, umepanda lini?"

"Imechelewa tu kuota."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika magoti. "Ndugu yangu, hawa wanalipia nyasi! Umemnyoa bibi harusi siku ya harusi!"

Mama wa kofia hakucheka. Alisema palipolimwa pabaki nje ya mkataba. Mizizi ya nyasi ikiachwa itachipua, naye atapita tena baada ya mvua. Akikuta nyasi, atapaingiza. Akikuta mihogo, hilo ni shamba, hana la kufanya.

"Basi liwe shamba," baba akasema. Aibu ilikuwa imempanda. "Tutakula mihogo."

Bibi alirudi ndani kwake. Chakula nilichompelekea mchana nilikikuta jioni hakijaguswa. Nilitaka kumwambia baba aache nyasi zirudi. Nilimtengea maji ya kuoga, nikasimama pale na maneno mdomoni, akaniuliza, "Nini?" Nikasema, "Maji yamepoa." Ndivyo nilivyo.

Asubuhi iliyofuata, wenzangu wakijiandaa kwenda kanisani, nilishuka mteremkoni nikaanza kung'oa pingili, kuanzia juu. Nilikuwa nimefika katikati baba aliponikuta, amevaa shati lake jeupe.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, baba."

Nilingoja kofi. Aliangalia mlango wa bibi, uliokuwa wazi, akaangalia viatu vyake.

"Zisitupwe," akasema. "Zitaenea nyuma ya jiko."

Kanisani sikwenda. Nilimaliza kung'oa, nikazifunga mafungu kama tunavyofungaga nyasi, nikazibeba kichwani hadi nyuma ya jiko, nikazipanda upya.