Potre Yenye Viatu

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya mpakani, tukingoja kuvuka kwenda Bukavu. Dereva mmoja wa pikipiki aliyekosa abiria alikuwa akimchora mama muuza nyanya aliyesimama mbele yangu. Alipomaliza alimkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Mama akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

"Papa, sura ni yangu. Miguu iko wapi?"

"Maman, hii ni potre. Inaishiaka ku kifua."

"Mimi siishii ku kifua. Na biatu ni bipya!"

Foleni nzima tukainama kuvitazama. Vilikuwa vipya kweli. Dereva akakuna kichwa, maana karatasi ilikuwa imejaa. Mwishowe akavibana viatu hapo hapo chini ya kifua, vikubwa kuliko kichwa.

"Sasa njo mimi," mama akasema, akaikunja picha na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

Nilicheka hadi watu wawili wakanipita kwenye foleni. Kisha nikaikumbuka ile picha yangu ndogo juu ya safu hii. Tangu ianze kutoka, mama yangu mzazi hajaacha kuniuliza gazeti lilipeleka wapi miguu yangu.