Nilipopanda Basi Kwenda Kushtaki

Miaka tisa nilikuwa mwalimu wa jumuiya yetu hapa Makambako. Kila Jumamosi asubuhi tulikutana nyumba kwa nyumba, nikasoma Neno, nikalieleza. Cheti changu cha semina ya Njombe nilikitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni lazima akione.

Kisha nikaugua wiki tatu. Wakamwomba jirani yangu, muuza viazi kutoka Kitandililo, anishikie nafasi. Niliporudi nikamkuta anaeleza habari za manabii kwa Kibena, lugha yetu ya nyumbani, bibi zetu wanacheka, wanamuuliza maswali. Mimi miaka yote tisa hawakuniuliza hata moja! Bibi mmoja akanitania, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Nikacheka kwa meno tu. Roho iliniuma, sitaki kudanganya. Hata viazi nikahamia kununua kwa mwingine, tena vibovu.

Jumatatu nikajifunga kitenge kizuri, nikapanda basi mpaka Njombe, kwa katekista mzee aliyetufundisha semina.

“Mwalimu, kuna mtu anatufundisha na semina hajaikanyaga. Mkataze.”

Akajivuta ndani ya koti lake. “Simu unayo, mama, na bado umepanda basi kwa hilo?”

“Ndiyo.”

Akafungua Biblia yangu, Hesabu sura ya kumi na moja, akaweka kikaratasi. “Jumamosi msome hapa. Usome wewe.”

Nikarudi nimejaa furaha, eti nimepewa rungu. Sikuipitia nyumbani. Miaka tisa, niipitie ya nini?

Jumamosi nikasimama, nikasoma. Wazee walikwenda hemani, roho ikawashukia. Wawili wakabaki kambini, hawakwenda, nao ikawashukia, wakatabiri. Kijana mmoja akatoka mbio kumwambia Musa. Msaidizi wa Musa akataka wakatazwe. Musa akamuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake. Yeye alitamani watu wote wa Mungu wawe manabii.

Mungu wangu! Nilimaliza mistari nikiwa nimeinamisha uso.

Yule bibi mtani akanyoosha mkono. “Mwalimu, hao waliotaka wenzao wakatazwe, walikuwa na shida gani?”

Ndilo swali la kwanza nililowahi kuulizwa.

“Waliogopa, bibi,” nikasema. “Waliona Mungu akimpa mwingine, wao watapungukiwa.”

Nikampa muuza viazi Biblia, na kikaratasi chake ndani. “Wewe waeleze, mwanangu. Kwa Kibena.”

Nikakaa mkekani kati ya bibi zetu. Wivu ulikuwa bado unaniuma, lakini nilinyoosha mkono, nikauliza swali.