Kiraka cha Katikati

Juzi mjukuu wangu kaja na mkoba wa viraka vya kanga, anajisifu nao. Nikacheka, maana enzi zetu kiraka kilikuwa dhiki.

Mchana mmoja pale Bagamoyo, mama amekaa eda ya baba, kavaa nyeupe, anaunganisha vipande vya kanga kuukuu tupate shuka la kujifunika. Madukani hakukuwa na nguo. Kanga zote alizifua, zikanukia sabuni. Kisha akatwaa kikoi cha baba na mkasi. Nikalia.

"Mama, usikikate! Baba akirudi atavaa nini?"

Shangazi, mtani hata msibani, akasema, "Alikokwenda hawavai vikoi, mwanangu."

Mama hakucheka. "Njoo ushike pembe hii. Hiki tunakiweka katikati."

Baba alikuwa akikausha nazi ziwe mbata, na kikoi kilinuka mbata na moshi.

"Mama, hiki hukukifua."

"Shika vizuri, sindano isikuchome."

Miaka yote shuka lile likichafuka, mama alilifua kingo tu, katikati hapagusi. Jioni alilikunja, akainamisha uso pale.

Nami, mtoto, nilidhani siku ile sabuni ilikwisha.