Lensi Yangu Kwenye Kamera ya Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza katika studio moja ya Arua sikupiga picha hata moja. Mwenye Studio alinipa kamera isiyo na filamu, akaniambia nifumbe macho, nifungue lensi na kuifunga mpaka saa ya chakula. Lensi za wakati ule zilizungushwa kama skrubu.

"Ikikataa, rudisha nyuma," alisema. "Mtu ya nguvu anaharibu. Wewe iko na nguvu?"

"Hapana, Bwana Mkubwa."

"Basi utakuwa fundi."

Sina hakika kama nilikuwa. Alinituma kusimamia studio yake ya Koboko, na alipostaafu akaniachia lensi ile. Nilipiga nayo harusi, ubatizo, maulidi. Picha nyingi zilitoka safi. Nyingine zilikuwa na giza, na kosa halikuwa la lensi.

Kisha akaja Mama Furaha kutoka Kongo, na kamera mpya. Niliandika katika daftari langu kwamba anapiga ovyo. Si kweli, nilikuwa na wivu. Kwake watu walicheka. Kwangu walikaa kama wanangojea sindano. Hata binti wa jirani yangu, niliyempiga picha tangu akiwa mtoto wa mgongoni, kazi ya harusi yake alimpa yeye.

Asubuhi ya harusi hiyo Mama Furaha aliingia studioni kwangu na vumbi mpaka kwenye nyusi. Pikipiki ya boda ilimwangusha njia ya Kuluba, lensi yake ikapasuka, na hakuwa na nyingine.

"Muze, ile lensi yako iko?"

"Iko. Lakini yangu ni ya skrubu, kamera yako inashika lensi kwa meno. Haziwezi kushikana."

"Niko na pete." Akaitoa: upande mmoja skrubu, upande wa pili meno.

Nilijua pete itafaa. Kamera ya zamani ina kioo ndani, ndiyo maana lensi yake imetengenezwa kukaa mbali na filamu. Kamera yake haina kioo. Pete inajaza nafasi iliyobaki. Nilijua, na bado nikasema, "Hiyo itaua kamera yako, mama."

"Ife. Ule mutu anaolewa leo, si kesho."

Nikampa. Tulipofunga, kamera ikaandika kwenye skrini yake kwamba haina lensi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Yeye akabonyeza vitufe, akairuhusu ipige hivyo hivyo. Lakini alizoea kamera ilenge yenyewe mpaka picha iwe kali. Sasa aliona ukungu tu.

"Muze, mbona haionyeshi?"

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria bibi arusi akingoja, nikaushika mkono wake juu ya lensi. "Zungusha pole pole. Mtu ya nguvu anaharibu."

Picha ya bibi arusi akimuaga mama yake ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kupita katika lensi ile. Niliitafutia kosa siku mbili.

Alipopata lensi mpya, niliijaribu pia kwenye kamera yangu. Hapana: inataka kukaa karibu, na kwangu kioo kimeziba njia.

Mwezi ule niliacha kazi. Lensi iko kwake. Nikipita dukani kwake namuuliza kama imeharibika.

"Bado, Muze."

Nasema, "Vizuri," na kila mara inanichukua muda kidogo kulisema.